Uso wa Bwana Kasoro

Barua ya kuomba kazi ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja sifa nne za mwombaji. Wa pili ulitaja kasoro zake kumi na moja, zimepangwa kwa madaraja: ndogo, za wastani, na za kurudishwa kiwandani. Mkewe, ambaye alikuwa msusi na kazi yake aliifanyia barazani, aliisoma huku mkono mmoja ukiwa kichwani kwa mteja. Alipofika kasoro ya saba akamwomba mteja amsubiri kidogo, akaingia ndani.

"Wewe baba, hii barua ulikuwa unamwandikia nani? Mwajiri au polisi?"

"Mwajiri."

"'Sikio la kushoto husikia kwa shida upepo ukivuma.' Nani kakuuliza habari za upepo?"

"Atakuja kujua baadaye, aseme nilimficha."

"Na hii? 'Huamka na hasira mpaka saa tatu.'"

"Saa tatu na robo. Nilipunguza."

Mkewe akakaa kitini kwa nguvu. Mtaani walimwita mumewe Bwana Kasoro, na hawakumsingizia. Miaka ishirini na miwili alikaa mwisho wa mstari katika kiwanda cha sabuni, kazi yake kuutazama na kuugonga kila mche uliopita na kuuondoa wenye dosari, mpaka waajiri wakanunua mashine yenye jicho la taa, lisilokula wala kuomba likizo. Huu ulikuwa mwezi wa tano yuko nyumbani, na kwa kuwa sabuni hazikuwepo, alikagua kilichokuwepo. Alikagua viti, salamu, na mishono ya mashati ya wageni. Jirani alipozaa, Bwana Kasoro alipelekwa kumwona mtoto, akasema sikio moja liko juu kidogo kuliko lenzake. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana hawakumsamehe.

"Kesho ndiyo usaili," mkewe akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Keshokutwa na mtondo zitapita, Jumamosi kaka anakuja. Unajua anakuja kuchukua nini."

Alijua. Shemeji yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na alitaka kumchukua binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na minne, akae kaunta apime misumari. Shule, alisema, ataimalizia jioni. Binti wa dada mwingine alikwenda vivyo hivyo kumalizia jioni, na jioni hiyo mpaka leo haijafika. Msichana amekuwa mama mtu mzima, bado anapima misumari. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga, kichwa kimoja cha kusuka hakilishi watu watatu, na mkewe alikuwa ameitikia. Aliweka sharti moja tu: mumewe akipata kazi kabla ya Jumamosi, mtoto haendi popote.

"Kizuri chajiuza," Bwana Kasoro akasema, akiikunja barua yake kwa uangalifu. "Kibaya chajitembeza."

"Ndiyo maana uko humu ndani mwezi wa tano, hujauzika!"

Barazani mteja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

*

Jioni wakafanya mazoezi. Binti alikaa kwenye kigoda cha wateja wa mama yake, akavaa miwani ya baba yake ili afanane na bosi, akawa haoni kitu.

"Haya, karibu. Jieleze."

"Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, magoti yangu..."

"Baba! Magoti yaache. Sema una jicho kali."

"Jicho kali linavaa miwani."

"Usiitaje miwani."

"Ataiona. Itakuwa usoni."

Mkewe akaingilia kati. "Sikiliza, mume wangu. Mteja akija kwangu nywele za mbele zimekwisha, simwambii pole kwa upara. Namwambia una paji zuri la uso, hebu tulionyeshe. Anaondoka anacheka, na kesho analeta dada yake. Nikikaa kimya hapa barazani, nani atajua nasuka? Mtu lazima ajipigie debe."

"Na wakiniuliza kasoro zangu?"

"Wataje moja. Tena iwe ile ya kujisifu. Sema tatizo lako ni kwamba unafanya kazi kupita kiasi."

Bwana Kasoro akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, maana alimpenda mkewe na alitaka kumridhisha.

"Lakini mimi sifanyi kazi kupita kiasi," akasema. "Nafanya kiasi."

Binti alivua miwani, akamtazama baba yake, akaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anajaribu kusema neno moja zuri juu yake mwenyewe na lilikuwa linamkwama kooni. Msichana akaona huruma, halafu akaona hofu, kwa sababu mkoba wake mama alikwisha kuushusha kutoka juu ya kabati na kuufuta vumbi.

"Baba," akasema, "useme tu kama unamsema mtu mwingine. Mtu unayempenda."

"Nimpendaye ndiye namkagua zaidi," Bwana Kasoro akajibu, na mazoezi yakaishia hapo.

*

Kiwanda kilitengeneza ndoo na mabeseni ya plastiki, na kilitangaza nafasi moja ya mkaguzi wa ubora. Waombaji saba walikaa kwenye benchi la korido. Mmoja alikuwa ameukabili ukuta, anauambia, "Mimi ni kiongozi tangu kuzaliwa," na ukuta haukupinga. Mwingine, kijana aliyejaa manukato, alikuwa na bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na kalenda zenye picha yake mwenyewe, miezi kumi na miwili, suti kumi na mbili, na kila aliyepita pale, hata mfagiaji, alipewa moja.

"Mzee, siku hizi lazima ubaki kwenye akili zao," akamwambia Bwana Kasoro, akimpa na yeye. "Mwaka mzima wananitazama, watanisahau vipi?"

Bwana Kasoro akaifungua, akaifunika, akaifungua tena.

"Februari yako ina siku thelathini," akasema.

Kijana akahesabu kwa kidole. Rangi ikamtoka. Alikuwa amekwisha kugawa arobaini.

Alipoitwa, Bwana Kasoro alikuta watu watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa meneja mwenye tai fupi. Kushoto alikuwa mkuu wa utumishi, mama mnene mwenye faili. Kulia kulikuwa na mkuu wa mauzo, dada mmoja aliyekuwa haachi kutabasamu hata alipokunywa maji. Mezani, mbele yao, ilisimama ndoo nyekundu ya lita ishirini, imewekwa kwenye kitambaa cheupe.

"Una dakika tatu," meneja akasema. "Jiuze."

"Kwa bei gani?"

Walitazamana. Mkuu wa utumishi akaandika kitu.

"Maana yake utwambie kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wengine."

"Wengine sijawakagua," Bwana Kasoro akasema. "Ila mmoja hajui Februari."

Meneja akafungua kola. Mkuu wa utumishi akaona afadhali ashike usukani, akageuza ukurasa kwenye faili lake, penye maswali aliyofundishwa kwenye semina ya siku mbili.

"Tuseme wewe ni ndoo. Ungekuwa ndoo ya namna gani?"

Watu sita waliotangulia walikuwa wamejibu kwamba wangekuwa ndoo imara, ndoo isiyovuja siri za kampuni, ndoo inayojaa mawazo mapya. Bwana Kasoro alikunja uso.

"Lita ngapi?"

"Lita... ishirini."

"Ina mfuniko?"

"Ina mfuniko."

"Basi ningekuwa ya daraja la pili. Mwili mzima, mshikio umelegea, sikio moja si zuri upepo ukivuma. Inafaa kwa matumizi ya nyumbani. Kwa kusafirisha, hapana." Akakumbuka maneno ya mkewe, akajikaza kisabuni. "Na nafanya kazi kupita..." Akameza mate. "Nafanya kazi kiasi."

Kisha, kwa kuwa mikono yake haikuwa na la kufanya na aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, akainyoosha, akaivuta ile ndoo nyekundu, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akaigonga tena upande wa pili. Ndoo nzima hulia kwa sauti moja pande zote. Hii upande wa pili ililia kama mtu mwenye mafua.

"Hii ina ufa," akasema. "Hapa, chini ya ukingo. Miezi miwili, mitatu, itaachia."

"Hiyo ndoo," meneja akasema polepole, "ndiyo iliyopigwa picha ya tangazo."

"Basi picha irudiwe."

Alikwisha kujihesabu amekosa. Aliinuka, akashukuru kwa muda wao, akafika mlangoni. Hapo ndipo mkuu wa mauzo alipopiga kofi mezani.

"Mzee, usigeuke! Samahani, geuka. Simama hapo hapo. Meneja, tazama uso huu!"

Wote wakautazama. Ulikuwa uso mrefu, wenye mikunjo miwili iliyoshuka kutoka puani mpaka kidevuni, na nyusi zilizokutana katikati kama zinateta jambo.

"Uso huu haujawahi kupendezwa na kitu tangu uzaliwe," mkuu wa mauzo akasema, na machozi ya furaha yakamlengalenga. "Sasa fikiria. Mteja anaingia dukani. Anamwona mzee huyu, na koti jeupe, na kioo cha kukuzia, anagonga ndoo. Anakunja uso. Anagonga tena. Halafu anaitikia kwa kichwa. Nani ataiacha hiyo ndoo? Nani?"

Wakamtoa nje, wakashauriana, wakamwita tena. Kazi ya mkaguzi wa kiwanda alipewa kijana wa kalenda, kwa sababu alionyesha ubunifu. Bwana Kasoro alipewa ya duka la kiwanda, kuanzia kesho yake, mshahara uleule aliokuwa akipata kwenye sabuni, na chakula cha mchana juu.

*

Mkewe alipiga vigelegele mpaka jirani wa sikio la mtoto akatoka nje. Binti akamrukia baba yake shingoni.

"Nilikwambia! Si umeona? Ulijipigia debe!" mkewe akasema.

"Nilijitaja daraja la pili."

"Na wakakuchukua!"

"Hawakunichukua mimi," Bwana Kasoro akasema. "Wamechukua uso. Sehemu nyingine zinaufuata tu."

"Sasa wewe ulitaka waache uso, wachukue magoti?" mkewe akamwuliza, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano nyumba ile ikacheka yote. Hata yeye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Mke akampigia simu kaka yake pale pale. Kaka mtu akasikiliza, akasema vizuri, hongera, lakini yeye ni mfanyabiashara, ya kusikia hayamtoshi. Jumamosi angepita na gari kama walivyopatana, amchukue mtoto na mkoba wake, na njiani waingie hilo duka. Akiikuta kazi ni kazi kweli, atamshusha hapo hapo. Akikuta ni longolongo, safari itaendelea.

Siku ya Alhamisi mkuu wa mauzo alimfundisha kazi.

"Usiitikie haraka. Polepole, kama mtu anayekubali kwa shida. Hivyo! Na usitabasamu."

"Sikuwa na nia hiyo."

"Vizuri sana. Halafu, mzee wangu, jambo moja. Hukagui. Unaonekana unakagua."

"Na nikikuta mbovu?"

"Hutaikuta," dada akasema kwa upole, akimfunga vifungo vya koti, "maana hutafuti."

Alhamisi na Ijumaa alijitahidi asisikie. Alipogonga, alijihesabia moyoni, au alikumbuka majina ya wafanyakazi wenzake wa zamani, ili sauti ya plastiki isimfike. Alipata bahati. Wateja walikuja wengi, wakamtazama kwa heshima, na ndoo zilitoka kama maji. Mama mmoja alimwomba amgongee na kichwa cha mumewe. Mchana alikula chakula chake nyuma ya mabeseni, amezipa ndoo mgongo.

*

Jumamosi, saa nne na kitu, shemeji akaingia. Alikuwa mtu wa tumbo na funguo nyingi, na alitembea dukani kama anayelipima eneo. Nyuma yake alikuja binti, amevaa gauni la kutokea, mkoba mkononi.

"Shemeji!" mjomba akaita kwa sauti ya kusikika duka zima. "Kumbe kweli! Koti na lenzi juu! Nilidhani dada yangu ananichezea."

"Karibu, shemeji. Za huko?"

"Nzuri. Haya, nionyeshe kazi. Mimi siamini koti, hata mganga wa uongo anavaa koti." Akachukua ndoo ya kwanza iliyokuwa mbele yake, ya bluu, akamwekea mikononi. "Gonga. Ukiniambia nzuri, nanunua, na habari ya mtoto imekwisha, anabaki kwenu na shule yake. Sitafungua mdomo tena."

Mkuu wa mauzo alisimama hatua tatu kutoka pale, tabasamu lake likiwa mahali pake. Wateja wanne au watano walisogea kutazama.

Bwana Kasoro akagonga. Alikuwa ameanza kujihesabia moyoni, lakini mtoto wake alikuwa mbele yake na hesabu ikampotea, akasikia. Akageuza, akagonga upande wa pili. Mafua. Akapitisha kidole chini ya ukingo, na pale, karibu na mshikio, kucha yake ikanasa kwenye kitu chembamba kama unywele, kirefu kama kidole gumba.

Akainua macho. Binti alikuwa anamtazama. Huyu alikuwa mtoto aliyekulia kati ya miche ya sabuni iliyokataliwa, aliyefundishwa kusikia kabla ya kufundishwa kusoma. Alikuwa amesikia. Baba alijua kwamba amesikia, na akatamani sana, kuliko alivyowahi kutamani kitu, mwanawe angekuwa kiziwi kwa dakika hiyo moja.

"Vipi?" mjomba akauliza. "Mbona kimya? Ina kasoro?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa neno lake, mtaa mzima ulimwita kwa neno hilo. Bwana Kasoro alilimeza, na lilishuka kwa shida kama kidonge kisicho na maji.

"Haina," akasema. "Ni ndoo nzuri." Na kwa kuwa shemeji alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Ni nzuri sana. Ningekuwa na duka kama lako, ningeziweka hizi mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali kwa shida. Mkuu wa mauzo akafumba macho kwa raha.

"Eeh!" mjomba akasema, amefurahi kweli. "Sasa umesema kama mfanyakazi. Miaka yote shemeji yangu hajasifu hata chai ya harusi yake, leo kasifu ndoo!" Watu wakacheka. Akatoa pochi, akalipa, akaishika ndoo kwa mshikio, akaanza kuiinua kwenye mwanga wa dirisha aitazame vizuri.

"Nipe nikubebee, mjomba," binti akasema.

Aliichukua haraka kabla haijafika kwenye mwanga. Mkoba wake akauweka chini, miguuni pa baba yake. Ndoo hakuishika kwa mshikio, aliikumbatia kifuani, na mkono wa kulia ukapanda mpaka chini ya ukingo, ukatafuta kidogo, ukatulia. Kiganja kilifunika ufa wote, hakikubakiza hata ncha.

"Mtoto ana adabu huyu," mjomba akamwambia baba mtu. "Mmemlea."

Wakatoka kuelekea kwenye gari, mjomba mbele akichezesha funguo, binti nyuma. Alitembea wima, akiulizwa kitu akajibu, hata alicheka. Hakukosea hatua wala hakuusogeza mkono. Bwana Kasoro alimtazama njia nzima kwa jicho lake la miaka ishirini na miwili, akimkagua, na hakuona kasoro hata moja, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Mzee," mkuu wa mauzo akamnong'oneza, akimpa leso, "hayo machozi ni mazuri, lakini yaweke. Kuna mama anasubiri na beseni."